Kunyoa Miguu Bila Ngozi Kuwaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Miguu hunyolewa kwa haraka, mara nyingi dakika chache kabla ya mtu kutoka, na ngozi yake haipendi haraka hata kidogo. Kuanzia gotini kushuka chini tezi za mafuta ni chache, kwa hiyo ngozi ni kavu. Kwenye muundi, goti na kifundo, ngozi imelala juu ya mfupa bila mnofu wa kupokea uzito wa wembe. Majibu haya yanahusu zaidi kunyoa kwa wembe wa mkono. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma la tatu.

1. Ngozi inapowaka baada ya kunyoa, nini kimetokea?

Wembe haukati nywele peke yake. Kila unapopita hukwangua pia seli za juu kabisa za ngozi. Tabaka hilo ni la seli zilizokufa, lakini lina kazi kubwa: linazuia maji ya mwilini yasipotee na vichokozi vya nje visiingie. Likikwanguliwa kidogo, hujirekebisha bila wewe kujua. Likikwanguliwa kupita kiasi, mishipa midogo ya damu hutanuka, ngozi inapata joto, inachonyota ikiguswa na maji au losheni, kisha inaanza kuwasha. Hali hii huanza dakika chache baada ya kunyoa na kwa kawaida hutulia ndani ya saa chache hadi siku 2 au 3.

Kwenye ngozi nyeupe utaona wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Sehemu iliyowaka huwa nyeusi zaidi ya kawaida, au yenye rangi ya zambarau kwa mbali. Usingoje kuona rangi. Gusa muundi kwa mgongo wa mkono, kisha gusa paja ambalo hukulinyoa. Tofauti ya joto itakuambia.

2. Nitatofautishaje kuwaka, vipele vya kunyoa na maambukizi?

Kuwaka huja mapema na hutanda: eneo zima linauma au linawasha, hata kama halina vipele.

Vipele vya kunyoa huja siku moja au kadhaa baadaye, kimoja kimoja, kila kimoja mahali unywele unapotokea. Ukitazama kwa karibu kwenye mwanga mzuri, ndani ya kipele huonekana uzi mweusi uliojikunja chini ya ngozi. Huo ni unywele ulioota kwa ndani. Watu wenye nywele za kujipinda hupata vipele hivi zaidi.

Maambukizi huleta usaha: vichwa vyeupe au vya manjano vinavyouma, vinavyoongezeka, wakati mwingine vyenye ngozi ya moto na ngumu kuzunguka. Bakteria wanaoishi juu ya ngozi wameingia kupitia vinyweleo vilivyochubuliwa.

Tofauti hii ina maana kwenye tiba. Kuwaka kunahitaji kupozwa na kuachwa. Vipele vinahitaji kusimamisha wembe. Maambukizi yanahitaji kusafishwa, na yakizidi, dawa.

3. Nina wembe mpya na jeli nzuri, mbona miguu bado inawaka?

Mara nyingi ni kurudia mahali pale pale. Mtu hupaka jeli vizuri, anapitisha wembe mara moja, kisha anapapasa mguu kwa vidole. Anasikia visiki viwili vitatu, anarudi palepale bila povu. Anapapasa tena, anarudi tena. Mpito wa kwanza uliondoa karibu nywele zote. Iliyofuata ilikwangua ngozi, tena ngozi iliyokwisha kupoteza utelezi. Ukibadilisha tabia hii peke yake, huenda usihitaji kununua chochote.

Weka kanuni mbili. Mahali pamoja pasipitiwe zaidi ya mara mbili. Na mpito wa pili usifanyike kabla ya kupaka povu upya. Visiki vitakavyobaki baada ya hapo viache vibaki.

Tazama pia njia ambayo wembe umepita. Ikiwa umeacha utando mwembamba unaong'aa, ngozi bado ina kinga. Ikiwa umeacha njia kavu, iliyofifia, jeli uliyopaka ni kidogo au imeshakauka.

Sababu ya pili ni kukandamiza. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Shika mpini kwa ncha za vidole badala ya kuufumbata kwa ngumi; kwa vidole huwezi kukandamiza sana hata ukitaka. Ukijikuta unalazimika kukandamiza, kuna tatizo jingine: makali ni butu, au nafasi kati ya makali zimejaa nywele na povu. Suuza baada ya kila mpito au miwili, kwa maji yanayopita katikati ya makali. Usigonge wembe kwenye ukingo wa sinki, kwa sababu mshtuko huo unaweza kuharibu makali.

4. Ninyoe kabla ya kuoga au baada?

Mwishoni mwa kuoga. Unywele hunywa maji na kulainika, na unywele laini hukatika bila kuvutwa. Dakika 2 hadi 3 za maji ya uvuguvugu ni za lazima. Dakika 5 ni nzuri zaidi. Hapo pia jasho, vumbi na mabaki ya losheni yameshaondoka, hivyo wembe hauyasukumi kuingia kwenye vinyweleo.

Maji ya moto sana huondoa mafuta machache ambayo ngozi ya mguu inayo. Kujiloweka robo saa na zaidi nako hakusaidii: ngozi huvimba kidogo na kumeza shina la unywele, wembe unakata kilichochungulia tu, kisha ngozi ikikauka visiki vinajitokeza tena.

Na jioni ni bora kuliko asubuhi. Ngozi inapata usiku mzima bila jasho, bila suruali ya kubana na bila jua.

5. Sabuni ya kuogea haitoshi?

Inafanya kazi, lakini vibaya. Sabuni ya kipande ni ya alikali, kwa kawaida pH 9 hadi 10, wakati uso wa ngozi yenye afya uko karibu na 5. Huacha ngozi imekauka na kukaza, na povu lake ni hewa tupu linalokauka kabla hujamaliza shavu la mguu. Krimu au jeli ya kunyolea hubaki na maji ndani yake na hutengeneza utelezi wa kudumu. Chagua isiyo na manukato.

Kipimo cha kuanzia kwa mguu mmoja kutoka gotini hadi kifundoni ni vijiko viwili vya chai vya jeli. Ipake kwa mkono kinyume na uelekeo wa nywele ili zisimame, iache dakika 2, ndipo uanze. Usipake miguu yote miwili kwa pamoja. Wa pili utakuwa umekauka kabla hujaufikia.

Kama huna jeli, kondishena ya nywele ni mbadala mzuri kuliko sabuni. Mafuta ya kupaka yanateleza vizuri ila hunata katikati ya makali mengi na kuyaziba, na yakidondoka sakafuni bafu linateleza vibaya.

6. Wembe wenye makali mengi ni bora?

Unanyoa karibu zaidi, na huko kukaribia ndiko kunakoumiza baadhi ya watu. Kwenye wembe wa makali mengi, makali ya kwanza hushika unywele na kuuvuta juu kidogo. Kabla haujarudi, makali yanayofuata yanaukata. Shina lililobaki hujirudisha chini ya uso wa ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka, hiyo ni ngozi laini siku nzima. Kwa mwenye nywele za kujipinda, ncha hiyo iliyochongwa kwa mshazari ikianza kukua inaweza kutoboa ukuta wa kinyweleo na kuendelea kuota ndani ya nyama. Njia nyingine ya unywele kujificha ni kutoka nje, kujikunja, kisha kuingia tena kwenye ngozi pembeni.

Kumbuka vilevile kwamba mpito mmoja wa wembe wa makali matano ni ngozi kuguswa na chuma mara tano.

Kwa hiyo, kama tatizo lako ni vipele, jaribu makali moja au mawili. Wembe wa chuma unaowekewa kiwembe kimoja cha kubadilisha ni chaguo zuri, ila unahitaji utulivu: ulaze kwa pembe ya digrii 30 hivi kutoka kwenye ngozi na usiubonyeze kabisa. Kama tatizo lako ni kuwaka tu bila vipele, makali matatu hayana ubaya. Wembe wa kutupa wa bei ya chini una makali yasiyosogea kufuata mkunjo wa goti. Ukiutumia, uutupe mapema.

7. Nibadilishe makali baada ya muda gani?

Baada ya kunyoa mara 5 hadi 7. Ukinyoa miguu mizima hadi mapajani, kaa upande wa 5. Wembe wa kutupa hauwezi kufika huko; mara 2 au 3 zinatosha.

Inashangaza kwamba nywele laini zinaweza kuharibu chuma kigumu. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha jinsi inavyotokea: unywele ni laini takriban mara 50 kuliko chuma cha wembe, lakini ukigusa makali kwa pembe fulani, mahali ambapo chuma hakilingani ugumu, unamega vipande vidogo sana. Macho hayaoni vipande hivyo. Mguu unavisikia kama kuvutwa.

Dalili za kutupa: wembe unavuta badala ya kukata, unalazimika kurudia, umeona kutu, au ukanda wa utelezi ulio juu ya makali umekwisha. Ukimaliza kunyoa suuza, kung'uta maji, kisha uweke wembe nje ya bafu mahali pakavu. Usiufute kwa taulo kwa kuburuta. Taulo linaweza kuharibu makali na makali yatachana taulo.

8. Nifuate uelekeo wa nywele au niende kinyume?

Fuata uelekeo. Kwenye muundi na shavu la mguu nywele nyingi huelekea chini, kwa hiyo wembe ushuke kutoka gotini kwenda kifundoni. Kwenye paja hazina adabu: za mbele huelekea upande mmoja, za ndani upande mwingine. Zipapase zikiwa kavu kabla ya kuoga. Upande ambao kiganja kinateleza ndio uelekeo wake.

Mguu hautakuwa laini kama wa aliyenyoa kinyume, na hilo ni bora kulikubali mapema. Ukitaka ulaini zaidi, mpito wa pili uwe wa kukatiza kwa ubavu, ukiwa na povu jipya. Kinyume kabisa ni kwa wale tu ambao ngozi zao hazijawahi kulalamika.

9. Naomba utaratibu wa mguu mzima, sehemu kwa sehemu.

Nywele zikiwa ndefu kuliko nusu sentimita, zipunguze kwanza kwa mkasi au mashine, la sivyo zitaziba wembe kila mpito.

Anza na *shavu la mguu*, lenye nyama na lisilo na usumbufu. Mipito ya sentimita 5 hivi, kisha suuza. Mipito mirefu ya kutoka gotini hadi chini hujaza wembe katikati ya safari, na nusu ya chini inakwanguliwa na makali yaliyoziba.

*Muundi* unatoka mbele kama ukingo. Usipitishe wembe juu ya mfupa wenyewe ukiwa umelala sambamba nao. Vuta ngozi kidogo kwa mkono mwingine kuelekea upande wa nje ili ukingo ule upate kitanda cha nyama, unyoe, kisha uvute kuelekea ndani unyoe upande wa pili. Kuvuta kuwe kwa upole. Ngozi ikikazwa sana, nywele hukatwa chini mno na kurudi ndani.

*Kifundo*: elekeza vidole vya mguu juu ili ngozi ya nyuma ikae sawa, na mipito iwe mifupi ya sentimita 1 au 2. Mikato mingi ya damu hutokea hapa, juu ya kano nene ya kisigino.

*Goti* linyoe likiwa limekunjwa nusu. Likinyooka, ngozi ina mikunjo. Likikunjwa mno, inakaza juu ya mfupa. Nyoa juu ya goti, kunja zaidi kidogo, nyoa pembeni. *Nyuma ya goti* ni kinyume chake: simama, nyoosha mguu, nyoa taratibu. Ngozi ya hapo ni nyembamba na hutoa jasho, ndiyo maana huwasha kupita zote.

*Paja la ndani* liache mwisho au uliache kabisa. Linasuguana siku nzima, na ngozi iliyonyolewa kisha ikasuguliwa haipati nafasi ya kupona.

10. Nipake nini nikimaliza?

Suuza kwa maji ya baridi hadi povu lote liishe, hasa nyuma ya goti. Kausha kwa kugusagusa na taulo safi, usisugue. Ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka losheni isiyo na manukato yenye gliserini au seramaidi. Mafuta ya mgando nayo ni mazuri kwenye muundi mkavu. Utando mwembamba tu. Jeli ya mshubiri inapoza vizuri, lakini haizuii maji kutoka, kwa hiyo ifuatishie losheni.

Kwa saa 24 epuka suruali ya kubana, mazoezi ya jasho, maji ya bwawa yenye klorini, maji ya bahari, na jua kali. Losheni za manukato na chochote chenye spiriti visubiri pia.

11. Kusugua ngozi kunasaidia?

Kunasaidia vipele, hakusaidii kuwaka, na wengi huvichanganya. Sugua siku moja kabla ya kunyoa, kwa kitambaa laini, mara 1 au 2 kwa wiki. Dodoki kavu na chembe kali za sukari au chumvi huacha michubuko ambayo wembe utaikuta.

Njia iliyo bora ni losheni inayoyeyusha seli zilizokufa: asidi ya salisiliki hadi asilimia 2, asidi ya laktiki, au yurea asilimia 10. Ipake usiku ambao hukunyoa. Ukiipaka juu ya ngozi iliyonyolewa punde, itakuunguza. Wanaotumia krimu za retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A) miguuni waziache siku chache kabla ya wembe.

12. Miguu tayari inawaka. Nifanye nini leo?

Weka wembe chini. Lowesha kitambaa safi kwa maji baridi, kamua, kilaze juu ya eneo kwa dakika 10 hadi 15, na urudie mara 3 kwa siku. Usiweke barafu juu ya ngozi moja kwa moja. Paka losheni isiyo na manukato. Vaa nguo pana ya pamba.

Muwasho ukikunyima usingizi, krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 inapakwa kidogo mara 1 au 2 kwa siku, kwa siku 2 au 3, na isizidi wiki moja. Usiipake kwenye kidonda wala kwenye vipele vya usaha.

Usinyoe tena hadi joto, muwasho na maumivu viwe vimekwisha kabisa. Hata kwenye hali ya kawaida, ipe ngozi siku 2 hadi 3 kati ya kunyoa na kunyoa.

13. Na vipele vyenye unywele ndani?

Acha nywele zikue hadi vipele vitulie. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10 kila jioni. Unywele ukionekana umejikunja kama kitanzi juu ya ngozi, pitisha sindano iliyosafishwa kwa spiriti chini ya kitanzi na uuinue. Usiung'oe: utakaoota badala yake unaweza kuanza safari yake ndani tena. Usichimbe usioonekana.

14. Limau au dawa ya meno?

Hapana. Limau ni asidi kali kwa ngozi iliyochubuka, na juisi yake ikikutana na jua inaweza kuunguza ngozi na kuacha madoa. Dawa ya meno ina mentholi na vitu vya kusugulia. Ubaridi unaousikia ni uchokozi.

15. Madoa meusi yaliyobaki yataondoka?

Mengi huondoka, kwa wiki au miezi. Ni rangi ambayo ngozi ilizalisha ilipochokozwa, na hutokea zaidi kwenye ngozi nyeusi. Hayataisha wakati uchokozi unaendelea, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzuia vipele vipya. Miguu ikikaa wazi juani, paka krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi. Krimu za kujichubua zenye viambato visivyoandikwa ni hatari, usizipake.

16. Nikinyoa, nywele zitarudi nene?

Hapana. Mwaka 1928 mtaalamu wa anatomia Mildred Trotter alilipima jambo hili na hakuona mabadiliko ya unene wala kasi ya ukuaji. Wembe hukata ncha iliyochongoka na kuacha kisiki butu, ndiyo maana mkono unasikia kukwaruzwa. Mzizi haujaguswa.

17. Tunaweza kutumia wembe mmoja nyumbani?

Kila mtu na wake. Mikato isiyoonekana huacha damu kwenye makali, na homa ya ini ya B na C huweza kuambukizwa kwa njia hiyo.

18. Kama ngozi yangu haivumilii wembe hata nikifanya yote haya?

Tumia mashine ya umeme ya kupunguzia nywele. Huacha takriban milimita 1, ngozi haikwanguliwi, na unywele haupati nafasi ya kurudi ndani. Kwa mwenye vipele sugu hili ndilo pendekezo letu la kwanza, kabla ya krimu yoyote.

Krimu ya kuondolea nywele huyeyusha unywele kwa kemikali na inaweza kuunguza. Ijaribu kwenye eneo dogo na usubiri saa 24. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye kasha bila kuongeza hata moja, na usiipake juu ya ngozi iliyowaka.

19. Nani asinyoe bila ushauri, na nimwone daktari lini?

Mwenye kisukari, hasa aliyepoteza hisia miguuni au ambaye vidonda vyake hukawia kupona, atumie mashine badala ya wembe. Vivyo hivyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye mishipa ya damu iliyovimba na kujitokeza asipitishe wembe juu yake.

Nenda kwa daktari ukiona wekundu au joto linalosambaa siku hadi siku, usaha mwingi, uvimbe wa mguu mmoja, homa, au vipele visivyopungua baada ya wiki 2 bila wembe.

Na kama unasubiri upasuaji wa mguu au goti, usinyoe nyumbani ili kuwarahisishia kazi wahudumu wa hospitali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema nywele za eneo la upasuaji ziachwe, na zikibidi kuondolewa zipunguzwe kwa mashine, kwa sababu wembe haupendekezwi wakati wowote kabla ya upasuaji. Ukiwa umeshanyoa, mwambie muuguzi kabla ya siku yenyewe na umwonyeshe mikato yoyote.